Komite ya Daraja la Joëlle

Philomène Feza alikuwa mtu wa kuwahi. Mvua ikinukia tu upande wa mto Tshopo, yeye ameshaanua nguo zake na za jirani. Mtoto akikohoa mara moja, yeye ameshabandika maji motoni. Shule ilimwachia darasa la tano, kwao upande wa Kindu, na tangu hapo alijifunza kwa macho. Alijua nani amegombana na nani kwa namna wanavyopishana kwenye bomba la maji. Alijua kuwa mume wake Emile, aliyepelekwa Banalia kwa kazi ya serikali, amerudi likizo, hata kabla hajamwona, kwa jinsi vijana wa toleka walivyopiga kengele za baiskeli zao za abiria pale konani. Watu wa avenyu walimwita Mama Joëlle, kwa jina la binti yake wa kwanza, na walimpenda, ingawa walimwambia usoni kwamba ana haraka ya kuogopa.

Kazi yake ilikuwa liboke, samaki anayefungwa majanini na kuokwa juu ya makaa. Aliuza kwenye kisoko kidogo ng'ambo ya kijito, na kijito hicho ndicho kilicholeta maneno yote haya. Wakati wa kiangazi unakiruka bila kukitazama. Mvua zikianza, maji yanapanda hadi magoti, wanafunzi wanavua viatu, na wanawake wenye mabeseni kichwani wanapapasa chini kwa vidole vya miguu. Zamani palikuwa na ubao, lakini mtu aliuchukua akapikia.

Joëlle alikuwa na miaka kumi na minane, na alikuwa skauti katika kundi la wakubwa, lile wanaloliita Route, wavulana na wasichana pamoja. Neno hilo "pamoja" lilimkosesha Mama Joëlle usingizi mwaka mzima. Mara ya kwanza kundi lilipokwenda kushinda karibu na barage, bwawa la umeme, aliwafuata kwa mbali na kikapu mkononi, kama mtu anayetafuta makaa. Hakuona alichokiogopa. Aliona vijana wenye fulari shingoni wakibishana namna ya kuwasha kuni mbichi, kisha wakala wali ambao kuku wa kwake wasingeukubali. Alirudi nyumbani, akalegeza kamba kidogo.

Lakini mwaka huu jambo lilikuwa zito zaidi. Katika Route mtu hatoki kwa kufikisha umri tu. Siku ya Pentekoste, aliye tayari hufanyiwa sherehe waiitayo Départ. Anapewa mkoba na fimbo yenye panda, anaagana na wenzake, anaondoka peke yake mbele ya macho ya watu wote, kama mtu mzima anayekwenda kuwatumikia wengine. Kabla ya siku hiyo ni lazima awe ameongoza kazi moja, tangu ilipofikiriwa hadi ilipokwisha. Joëlle alitaka Départ hiyo kuliko nguo, kuliko simu. Mwezi wa kumi angeanza chuo, wenzake wangetawanyika, na nafasi isingerudi tena. Na kazi aliyoichagua, wenzake wakaikubali kwa kura, ilikuwa daraja la miti juu ya kile kijito.

Shefu wa kundi lao, Tonton Édouard, mwalimu wa sekondari mwenye sauti ya chini, alikuwa na sheria moja, na alipita nyumba kwa nyumba kuwaeleza wazazi. Kwenye kazi ya vijana, mkubwa haweki mkono wala mdomo, isipokuwa pakiwa na hatari ya mtu kuumia. Mama Joëlle aliitikia kwa kichwa. Moyoni alijiuliza ni mwalimu gani huyu anayelipwa kwa kufundisha halafu anajisifu kwa kunyamaza.

Joëlle alipanga kila kitu. Fiston, kijana mrefu mwenye aibu aliyekuwa msaidizi wake, angesimamia miti na kamba za kekele. Wasichana wawili wangepima upana wa maji. Yeye mwenyewe, Jumamosi, angekwenda na Fiston kumwomba ruhusa shefu wa avenyu, Papa Arthur.

"Mama, usimuguse Papa Arthur," alisema. "Tutaenda sisi."

Basi hapo ndipo haraka ya kuogopa ilipomshika Mama Joëlle. Alimfahamu vizuri Papa Arthur. Mzee huyo alikuwa amewahi kumrudisha muuguzi kijana aliyeleta vyandarua, kwa sababu tu alikuja bila mtu mzima wa kumtanguliza. Angemwona Joëlle na kaptura yake ya skauti, angemtazama Fiston na kuanza kuzungumza na Fiston, kisha angewauliza wametumwa na nani. Daraja lingefia mlangoni pake. Mama Joëlle akaona kwamba kulainisha njia si kuingilia kazi. Siku moja kabla, alifunga liboke ya kambale mnono, akaenda.

Papa Arthur alikula bila haraka, akasikiliza, akapangusa vidole. Kisha akasimama. Hilo lilikuwa baya, maana Papa Arthur akisimama ndani ya nyumba yake mwenyewe, kuna kitu kinaanzishwa.

"Mama Joëlle, daraja iko kitu ya avenyu nzima," alisema. "Kitu ya avenyu inaomba komite."

Kabla jua halijazama komite ilikuwa imezaliwa. Prezida, Papa Arthur. Vise-prezida, Mama Khadija wa duka la chumvi na sabuni, mwenyeji wa Kasongo, mwanamke wa sauti. Sekretere, baba yake Fiston. Na Mama Joëlle mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyeleta wazo, alifanywa mshauri wa kwanza. Alitaka kukataa, lakini watu walikuwa wameshapiga makofi, na ni vigumu kukataa makofi.

Jumamosi Joëlle na Fiston walipofika na fulari zao zilizonyooshwa, walipokelewa kwa soda. Papa Arthur aliwashukuru vijana kwa kujitolea, akawapa kazi ya kubeba mawe. Joëlle alitazama viti vyote vile, akamwona mama yake amekaa kwenye kiti cha mshauri. Alikunywa soda yake nusu, akaaga kwa heshima, akaondoka.

Nyumbani ndipo aliposema, na hakupaza sauti. Mama Joëlle angependa apaze.

"Hii kazi haiko yangu tena, Mama. Mi niko mubebaji wa mawe."

Mama Joëlle alijaribu kumweleza habari ya muuguzi na vyandarua. Alimwambia daraja ni daraja, awe amelijenga nani. Joëlle akajibu kwamba ni kweli, na ndiyo maana komite ijenge. Yeye na wenzake hawatagusa mti hata mmoja mpaka komite ivunjwe.

"Na aliyeizaa ndiye ataenda kuivunja," alimaliza, akaenda kuchota maji.

Zikaanza wiki za kuudhi. Komite ilikutana mara kwa mara, na kila ilipokutana iliongeza vyeo. Ilipata msemaji, ilipata mtu wa itifaki. Mti haukuletwa. Papa Arthur na Mama Khadija walianza kuvutana nani atakata utepe siku ya kuzindua. Papa Arthur alisema prezida ndiye hukata, Mama Khadija akasema wanaotumbukia majini na mabeseni ni wanawake, basi mwanamke ndiye akate. Walivutana hadi wakaacha kusalimiana. Mvua haikungoja utepe. Asubuhi moja mwanafunzi mdogo aliteleza, mkoba wake ukachukuliwa na maji, na wanakomite wawili waliokuwa pale walikubaliana kwamba suala hilo litaletwa kwenye kikao.

Mama Joëlle alimwendea Papa Arthur kumwomba aivunje. Alipokelewa vizuri. Aliambiwa kwamba komite haiwezi kuvunjwa na mtu mmoja, hata akiwa mshauri wa kwanza, ila na mkutano mkuu. Na mkutano mkuu unaitishwa na nani? Na komite. Na komite itakaa lini? Hapo Papa Arthur alifumba macho na kusema kwamba vise-prezida ndiye anayekwamisha. Mama Joëlle akamwendea Mama Khadija, ambaye alipima chumvi ya mteja hadi mwisho kabla ya kumjibu kwamba yeye hakwamishi kitu, anangoja kuombwa msamaha.

Alikwenda hadi kwa Tonton Édouard, akamkuta anasahihisha kazi za wanafunzi. Alimwomba azungumze na wazee hao, maana yeye ni mtu aliyesoma, watamsikiliza. Tonton Édouard alimpa kiti, alimsikiliza hadi mwisho, akasema pole, lakini yeye naye amefungwa na sheria yake.

"Unaona mutoto anazama, na unasema sheria?" Mama Joëlle alimuuliza.

"Hazami, Mama. Yuko na hasira. Haifanani."

Alitoka pale. Njia nzima alijibizana naye peke yake, na kila mara yeye ndiye aliyeshinda, lakini hakuna aliyemsikia. Pentekoste ilikuwa inakaribia. Nyumbani Joëlle alifanya kazi zote kama kawaida, alifagia, alisonga fufu, alimsaidia mdogo wake na masomo. Jioni Fiston na wenzake walikuja wakakaa naye nje, wakanong'ona. Mama Joëlle alikaa karibu na dirisha akitwanga pondu, majani ya muhogo, polepole ili asikie, na hakusikia lolote. Walikuwa wamejifunza kunong'ona vizuri.

Mwishowe ni wanawake waliochoka na maji ndio walioitisha mkutano mkuu, kwa kwenda wote pamoja uani kwa Papa Arthur baada ya misa na kukaa chini bila kualikwa. Papa Arthur alivaa koti haraka akatangaza kwamba mkutano umefunguliwa. Joëlle na kundi lake walikuwepo, wamesimama nyuma. Mama Joëlle alikaa mbele, na maneno yalikuwa yamemjaa kifuani, ameyapanga tangu alfajiri: angesimama, angewaambia wote kwamba kazi ni ya mtoto wake, wamrudishie.

Joëlle alipita katikati ya watu akainama sikioni mwake.

"Mama, achia tu ile kiti ya mushauri. Halafu ukae. Usiseme ingine."

"Batakukata maneno, mwanangu."

"Banikate."

Basi Mama Joëlle akasimama. Alisema kwamba anaacha ushauri, akakaa. Mdomo wake ulibaki wazi kidogo, kama mlango ambao mtu amesahau kuufunga. Watu walishangaa, maana hakuna aliyewahi kusikia mtu akiacha cheo kwenye avenyu ile akiwa hai na mzima.

Joëlle aliomba neno. Papa Arthur akamwambia mtoto hasemi kabla ya sekretere. Sekretere, baba yake Fiston, akasema yeye hana la kusema. Akaombwa tena msemaji wa komite, naye akasema angesema baada ya sekretere. Mama Joëlle alishika kiti kwa mikono miwili. Alimwona binti yake akingoja huku amekunja mikono mbele kwa adabu, na hasira ikampanda, kwa Papa Arthur, kwa Tonton Édouard aliyekuwa amesimama ukutani kama kabati, na kwa binti mwenyewe aliyemkataza kusema.

Walipomaliza kupeana zamu, Joëlle alianza kwa kumshukuru Papa Arthur kwa kila jambo aliloifanyia avenyu, na kwa kweli alikuwa amefanya mengi, akayataja. Kisha akasema kwamba mtu kama huyo haifai kuwa prezida wa kawaida, wa kuitwa kila saa kutazama miti na matope. Vijana wanamwomba awe prezida wa heshima.

Papa Arthur alilegeza tai. "Prezida wa heshima anafanya nini?"

"Anakaa mbele, Papa Shefu. Batu bote banamuona."

"Na kazi?"

"Kazi inachafua koti."

Watu walicheka, naye akacheka kidogo, akiangalia koti lake. Mama Khadija alisema kwa sauti kwamba na yeye basi awe vise-prezida wa heshima, asije mtu akaachwa nyuma. Joëlle akasema ndivyo walivyofikiri vijana. Habari ya utepe aliipanga pia. Heshima zote mbili zingeshika mkasi mmoja. Hapo Mama Khadija alimtazama Papa Arthur kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, na Papa Arthur akasema kwamba mkasi wa kwake ni mkubwa, unatosha mikono miwili.

Alipokubali, Papa Arthur alikubali kwa nguvu zake zote. Alitangaza kama sheria mpya ya avenyu kwamba tangu siku hiyo hakuna mtu mkubwa ataweka mkono wala mdomo kwenye daraja la vijana, na atakayethubutu atajibu mbele yake. Tonton Édouard aliinamisha kichwa, labda alikuwa anacheka.

Siku ya kujenga watu wote walikuja kutazama. Papa Arthur alikuwa mbele kwenye kiti chake, kando yake Mama Khadija na mwavuli. Mama Joëlle alijitandikia kitenge upande wa nyumbani, mahali pa kuona pande zote. Aliwaona vijana wakileta magogo mawili marefu begani, wavulana kwa wasichana, Fiston akihesabu hatua kwa sauti, na kila mtu wa kando alipomuuliza Fiston jambo, naye akimwonyesha Joëlle kwa kidevu. Walilaza magogo juu ya maji. Wakaanza kufunga fito kwa kekele, mafundo mazuri, ya kufundishwa.

Na kuanzia asubuhi, wakati fito zilikuwa bado chache, Mama Joëlle aliona kitu. Upande wa soko, gogo moja lilikuwa limelala juu ya udongo mweusi ambapo wanawake humwaga maji ya kuoshea samaki. Kila aliyeuza pale alijua kwamba udongo ule ni laini kama uji. Gogo lilikuwa linazama, kidogo kidogo. Mwanzoni kichwa chake kilikuwa juu ya majani ya ukingoni, sasa kilikuwa chini yake. Maji yalikuwa ya magoti tu, na hakuna aliyeruhusiwa kupita kabla ya kujaribiwa, kwa hiyo haikuwa hatari ya mtu kuumia. Ilikuwa hatari ya kazi kuharibika, na kwa hatari ya namna hiyo sheria haikumruhusu mkubwa kusema.

Alimtazama Mama Khadija. Mama Khadija alikuwa ameona pia, maana alikuwa amebana midomo hadi imekuwa mstari. Alimtazama muuza mkaa, naye alikuwa anaangalia angani. Wanawake wote wa kisoko walikuwa wameona. Papa Arthur mwenyewe alikuwa ameona, jasho lilimtoka, lakini sheria ilikuwa ya kwake, na alikaa akiishikilia kama mtu aliyeshika kuku kwenye gari la watu wengi. Avenyu nzima ilikaa kimya ikitazama gogo likizama.

Mama Joëlle alikunja ncha ya kitenge, akaikunjua, akaikunja. Alinyanyuka mara moja, akakaa. Alijiambia kwamba mara ile alisema na akaharibu, na sasa asiposema ataharibu vilevile, na hakuna mahali popote duniani pa kumweka mama.

Mchana ulipopita, fito zilikuwa karibu kufika ng'ambo. Joëlle alipanda kujaribu yeye kwanza. Alifika katikati, daraja likainama upande mmoja kama mtu anayesinzia, na fundo moja baada ya jingine likaanza kulegea. Akarudi nyuma taratibu, akashuka. Alitazama gogo. Alitazama udongo. Kisha akageuka, akaziangalia nyuso zote zile za watu wazima zilizokuwa zikitazama chini, na akaelewa. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye kitenge cha mama yake, matope magotini.

"Mama, uliona?"

"Niliona."

"Tangu saa gani?"

"Tangu asubuhi. Mulikuwa mumefunga fito kidogo tu."

"Na ulinyamaza?"

"Uliniambia ninyamaze."

Joëlle alishika kiuno. Kwa muda alionekana kama atalia, na Mama Joëlle akajiandaa kumshika, lakini hakulia. Alichuchumaa ili nyuso zao ziwe sawa.

"Nilikuambia usiende kwa Papa Arthur. Kwenye mukutano nilikuambia usiseme mbele ya batu. Sikusema usiniambie mimi," alisema. "Ukiona kitu, niambie mimi. Mimi ndio niko na kazi."

Mama Joëlle aliyameza maneno hayo polepole. Yalikuwa marahisi, na wiki zote zile yeye hakuwa ameyafikiria. Alikuwa amezunguka avenyu nzima akitafuta mtu wa kumwambia, na mtu mwenyewe alikuwa anasonga fufu ndani ya nyumba yake.

"Basi nasema," alisema. "Ule udongo uko mubovu mpaka kwenye jiwe ya muuza mkaa, ile anakalia. Baada ya jiwe, uko mugumu. Na gogo la kushoto linaoza kwa chini, nilisikia lilivyolia mlipolitupa chini."

"Jiwe ya muuza mkaa," Joëlle alirudia. Akasimama, akawaita wenzake wote, akawaambia kwamba wanafungua kila kitu. Mmoja akalalamika kwamba jua linakwenda na Pentekoste haiko mbali. Joëlle akajibu kwamba leo hawatamaliza, watarudi kesho baada ya misa, na Fiston atafute gogo lingine leo hii. Fiston aliinua fulari akajipangusa uso, akaenda. Wengine wakainama wakaanza kufungua mafundo yale mazuri, moja baada ya jingine, bila kuyakata, ili kekele itumike tena.

Papa Arthur alitoa pumzi ndefu kwenye kiti chake cha heshima. Akainua mkono kama mwanafunzi, akamwomba Joëlle ruhusa ya kusema jambo kuhusu udongo.